Rafu ya Mama Haiguswi

Kuna watu waliozaliwa na mkono unaowasha. Wakikuta pazia limekunjamana, watalinyoosha. Wakikuta kijiko kimelala upande, watakilaza sawa. Mpe kiti sebuleni kwako mtu wa namna hiyo, nenda jikoni umletee maji, ukirudi utakuta kitambaa cha meza kimegeuzwa na mito imebadilishana viti. Siafu alikuwa wa ukoo huo. Jina lenyewe alipewa na mama yake angali anatambaa, kwa sababu hakuwa mtoto wa kuwekwa mahali akakaa. Sasa alikuwa mwanamke mzima mwenye studio yake, na wateja nao walimwita hivyo hivyo.

Ila mkono huo huo ndio uliompa kazi. Siafu alikuwa mpiga picha, tena si wa harusi wala wa watoto wanaolia. Alipiga picha za vitu: sufuria, vitunguu, pasi, ndoo, mwavuli uliofungwa, vitu ambavyo wewe na mimi tunavipita tukienda zetu. Aliweza kushinda asubuhi nzima na vitunguu vichache juu ya ubao. Anasogeza kimoja unywele mmoja kushoto, anarudi kwenye kamera, anachungulia, anasonya, anakwenda kukisogeza tena. Na kabla ya yote husafisha. Anabandua karatasi ya bei, anafuta alama za vidole, anachuna gundi kwa kucha. Kwenye picha, alikuwa akisema, hata chembe ya vumbi hupiga kelele.

Wiki hiyo roho yake haikuwa imetulia hata kidogo. Alikuwa amepeleka picha za kalenda kwa meneja wa kiwanda kimoja cha vyombo vya jikoni, na meneja akazitazama moja moja, akizisukuma mezani kama mtu anayehesabu karanga mbovu.

"Dada, picha ni safi," alisema. "Safi mno. Hebu niambie, sufuria hii imewahi kupika nini?"

"Si ni mpya?"

"Hiyo ndiyo taabu yake. Hapa naona duka. Mimi nataka nyumba. Mtu akiangalia ukutani aseme, ehe, hapa kunapikwa, hapa kunaliwa. Niletee hiyo Jumatatu."

Siafu alitoka pale amevimba mashavu. Hapa kunapikwa! Kwani yeye anapiga picha za makaburi? Alitembea barabara nzima akigombana na meneja kichwani, akashinda hoja zote, na alipofika studio akakaa, akasimama, akakaa tena, akahamisha taa kutoka pembe hii kwenda ile na kuirudisha. Mwisho akakumbuka jikoni kwa mama yake. Sufuria zilizopigwa na moto mpaka zikapinda, makopo ya zamani, ubao wa kukatia uliobonyea katikati. Kama meneja anataka nyumba, nyumba ile pale. Na kwa vyovyote Jumamosi alikuwa na safari ya kwenda huko, kwa jambo jingine zito zaidi ya kalenda.

Jambo lenyewe lilikuwa kaka yake. Kaka mtu alikuwa fundi umeme, na watu walimwita Fyuzi, kwa kazi yake na kwa sababu hakuhitaji mengi kukatika. Tangu baba yao afariki, Fyuzi alikuwa akimtaka mama ahamie kwake, upande wa pili wa mji. Alikuwa amekwishamjengea chumba, kapaka rangi, kaweka feni. Mama akawa anamshukuru, anamwombea heri, na hahami. Kisha mwezi uliopita Fyuzi alimkuta mama mkono umefungwa kitambaa, umeungua. Hapo ndipo alipoweka nadhiri: nitakuja Jumamosi, nitakaa, nitatazama, na nikiona jambo moja tu lisiloeleweka, tunafunga mizigo.

Mama alimpigia simu Siafu. "Uje," alisema. "Uje ukae upande wangu. Kaka yako ananipenda, sikatai. Lakini kule kwake nitakuwa kama jagi la wageni, natolewa watu wakija, nafutwa, narudishwa kabatini. Mimi nataka kufia kwangu, Siafu. Nisaidie."

Basi Siafu alifika asubuhi, begi la kamera begani, miguu mitatu ya kusimamishia kamera kwapani, na ubao mweupe wa kurudishia mwanga umemfunika nusu ya mwili. Mama alikuwa uani anafua. Alikuwa mama mrefu, mkavu, fundi cherehani wa miaka mingi aliyeshonea shule karibu zote za mji ule sare. Siku hizi cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, kwa maelezo kwamba mgongo unamsumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama yangu. Mbona unanuka haraka? Kaa kwanza."

"Nitakaa. Mama, nipige picha jikoni kwako kabla kaka hajafika? Kidogo tu."

"Piga. Ila usinivurugie."

"Nitarudisha kila kitu pale pale."

Na hapo, msomaji wangu, ndipo mambo yalipoharibika, kwa maana kuna "pale pale" ya watu na kuna "pale pale" ya Siafu.

Jiko la mama lilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja, meza moja, jiko la gesi la zamani na rafu ndefu ya mbao ukutani. Siafu alipoingia moyo wake uliruka kwa furaha. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia kwa upande, laini, unapapasa kila kitu. Alipiga picha moja ya vitu kama alivyovikuta, kama desturi yake, kisha akakunja mikono ya gauni. Loo, takataka! Kopo moja lilikuwa limefungwa mpira wa kubania. Jingine lina uzi mweusi shingoni wenye fundo moja, na jingine uzi wenye mafundo mawili. Chupa ya mafuta ilikuwa imening'inizwa kifungo cha koti. Juu ya koki ya jiko palikuwa na tone la nta ya mshumaa lililokauka, baya kama chunusi. "Mama naye!" Siafu alicheka peke yake. "Fundi cherehani hatupi uzi." Akachukua mkasi, akakata nyuzi. Akavua mpira. Akakikata kifungo. Ile nta akaing'oa kwa kucha, akapasugua kwa kitambaa mpaka koki ikang'aa, akatupa vyote kwenye debe la taka. Kisha akafungua dirisha lote ili mwanga uingie vizuri.

Alipiga, akapanga, akapiga. Birika mbele, makopo nyuma, sufuria kubwa kushoto. Sufuria nyuma, birika pembeni. Akaongeza mwiko, akautoa. Alitoka jasho, alipanda juu ya kigoda, alipiga magoti sakafuni. Na kila alipochungulia kwenye kioo cha kamera aliona kitu kile kile ambacho meneja alikiona: duka. Duka kuukuu, lakini duka. Alitamani kulia kwa hasira. Alikuwa amepata sufuria zilizopika maisha yake yote, na bado zilimtazama kama hazimjui.

Gari likanguruma nje. Fyuzi huyo. Siafu akakusanya vyombo vyake mbio mbio, akavirudisha vitu rafuni. Na kwa kuwa mkono wake haukuweza kumwacha mtu salama, aliyapanga makopo kwa urefu, marefu kwa mafupi, yote yakitazama mbele, na birika akaliweka katikati ambako lilipendeza zaidi.

Fyuzi aliingia na mkoba wake wa spana, akambusu mama shavuni, akakaa sebuleni mikono juu ya magoti kama hakimu. Alikuwa kaka mkubwa, mpole wa sura, ila macho yake siku hiyo yalikuwa yanazunguka kila pembe.

"Nikuwekeeni chai," alisema mama.

"Acha Siafu aiweke."

"Siafu ni mgeni wangu. Kaeni hapo."

Akaingia jikoni, akausindika mlango. Siafu akabaki kumshughulisha kaka yake kwa maneno: kazi vipi, shemeji hajambo, watoto je. Fyuzi alijibu huku sikio likiwa jikoni. Kitu kilianguka huko ndani, kikabiringika. Kisha sauti ya mama ikinong'ona, kama anayegombana na mtu. Kitu kingine kikaanguka. Upepo ukabamiza dirisha, wakasikia mama akilifunga.

"Nikamsaidie," alisema Fyuzi.

"Muache, kaka. Unamtia wasiwasi."

Mama akatokea na sinia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini alitembea wima, akaweka sinia mezani bila kumwaga tone. Wakamimina. Fyuzi akapiga funda la kwanza, akabaki nalo mdomoni. Siafu naye akanywa. Mungu wangu! Ilikuwa chumvi tupu, chumvi ya kutia kwenye samaki.

"Vipi?" aliuliza mama.

Siafu akakirudisha kikombe mezani. Mama akachukua kikombe chake, akanywa, akakishusha. "Haya," alisema, akijaribu kucheka. "Nilikuwa nawajaribu kama bado mna ulimi."

Fyuzi hakucheka. Wingu lilikuwa limefunika jua na chumba kimekuwa kiza kiza, akainuka kwenda jikoni kutafuta maji. Aliufungua mlango, akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa, na hapo pua yake ikamwahi. Mkono ukaganda hewani.

"Gesi! Msiguse swichi! Tokeni nje! Siafu, mtoe mama!"

Siafu alimshika mama kiuno wakatoka uani mbio. Fyuzi alijifunika pua na shati, akazama ndani, akafunga mtungi, akafungua mlango wa nyuma na dirisha, akatoka anakohoa, macho yanamtiririka. Koki ilikuwa haijafungwa hadi mwisho. Mama alidhani amezima, kumbe kimebaki kimoto kidogo, upepo wa dirishani ukakipuliza kikafa, na gesi ikaendelea kuvuja polepole ndani ya chumba kilichofungwa.

"Mama," alisema Fyuzi. Alikuwa mtu mzima na alikuwa analia waziwazi, mbele ya nguo zilizoanikwa. "Mama, mimi kazi yangu ni cheche. Ningebonyeza ile swichi tungezikwa siku moja. Chumvi kwenye chai, gesi imeachwa wazi. Akili zimechoka, mama. Si kosa lako. Ni umri. Lakini leo leo tunahama."

Fyuzi aliingia chumbani kwa mama, wakasikia begi likiburutwa kutoka uvunguni, zipu ikifunguliwa, na milango ya kabati ikigongwa.

Siafu aliitwa akae upande wa mama, na upande huo sasa ulikuwa unafungwa begini. Harufu ilipoisha, mama aliingia jikoni taratibu, na Siafu akamfuata. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye jiko. Kidole chake kikaanza kuizunguka koki, kikarudi, kikazunguka tena, kikapapasa pale palipong'aa kana kwamba kuna kitu amekipoteza. Na wakati kidole kinatafuta, uso wake ulikuwa umetazama ukutani, mahali pasipo na chochote.

"Mama, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

Siafu akachukua mfuniko wa sufuria, akauleta mbele ya uso wa mama, karibu kabisa. Mama hakupepesa. Akausogeza karibu zaidi. Hakupepesa.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, lakini wahenga hawakukutana na Siafu. Macho anayo, tena ya kuuza. Taa ikisogea unywele mmoja anaona. Lakini mama yake mzazi amepofuka mbele yake, wakati wote alipokuwa akija na kuondoka bila kukaa, na hakuona. Kila uzi ulikuwa na kazi yake. Fundo moja chumvi, mafundo mawili sukari. Mpira ni majani ya chai. Nta ni pale koki inapofika mwisho. Na yeye amevikata vyote kwa mkasi kwa sababu havikupendeza.

"Mama," alisema. "Ni mimi. Nimetoa nta yako. Nimekata nyuzi. Mama, nusura nikuue."

"Shh!" Mama alimkamata mkono kwa nguvu ambayo hakuitarajia. "Punguza sauti."

"Acha nikamwambie kaka. Akili zako ni nzima, ni mimi niliyevuruga."

"Na akikuuliza nta ilikuwa ya nini, utamjibuje?"

Siafu akaitazama koki iliyong'aa.

"Umeona?" alisema mama. "Akidhani nimechanganyikiwa, ananihamisha. Akijua sioni, ananihamisha. Tangu macho yaanze kwenda nimekuwa nikilifikiria hilo kila ninapoamka. Nikasema afadhali nisiseme, nijifunze kwa vidole. Na nimejifunza, Siafu. Kule kuungua kulikuwa ni siku za kujifunza. Nimeimaliza ile shule, ukaja wewe na kitambaa chako."

Maneno hayo yalimwingia Siafu kama sindano chini ya ukucha. Alitaka kufanya kitu, chochote. Alipiga mbizi kwenye debe la taka, akaanza kutoa nyuzi kati ya maganda ya viazi, huku anafuta kamasi kwa kiwiko.

"Acha," alisema mama. Alisimama kidogo, akajinyoosha gauni. "Nimechoka kujificha kwenye nyumba yangu. Akinihamisha, anihamishe mimi, asimhamishe kichaa asiyemjua."

Akatoka hadi mlangoni pa chumba chake. Fyuzi alikuwa anashindilia magauni begini bila kuyakunja.

"Mwanangu," alisema mama. "Akili zangu hazina tatizo. Mimi sioni."

Fyuzi akageuka na gauni mkononi. "Huoni nini?"

"Sioni. Wewe sikuoni. Najua umesimama karibu na dirisha kwa sababu sauti yako inagonga kioo."

"Tangu lini?"

"Tangu mgongo uliponianza."

Fyuzi alikaa kitandani, juu ya nguo. Siafu akaona ni zamu yake, akamwaga yote: kalenda, nyuzi, nta, makopo aliyoyapanga kwa urefu. Kaka mtu alimsikiliza mpaka mwisho, na kisha fyuzi ikakatika kweli kweli.

"Kwa ajili ya kalenda! Nyumba ya mama umeifanya maonyesho! Kila mahali unapokwenda lazima uguse, lazima ubadilishe, hujui kumwacha mtu wala kijiko! Ungetuua kwa ajili ya kupendezesha koki!"

"Mgombeze, ana haki ya kugombezwa," alisema mama. "Lakini usimtumie yeye kunihamisha."

"Mama, umeniambia huoni! Nikuache vipi? Mtu asiyeona na jiko la gesi!"

"Wewe ukipanda juu ya dari kutafuta waya, kuna taa huko?"

"Hiyo ni kazi yangu. Nimeizoea."

"Na mimi hii ni yangu."

"Mimi dari naijua kwa..." Fyuzi alisimama hapo hapo, maana alikuwa ameshasikia anachokwenda kusema.

"Kwa vidole," alimalizia mama. "Baba, nisikilize. Kwako nitakuwa kipofu. Nitashikwa mkono kwenda chooni, nitalishwa, nitaambiwa kaa hapo bibi utaanguka. Hapa mimi ni mwenye nyumba. Nipe nafasi moja nikuonyeshe. Nikishindwa, nitalibeba hilo begi mwenyewe mpaka garini."

Fyuzi alitazama begi, akamtazama mama, akaifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Moja tu," alisema.

Siafu alikurupuka. Hii anaiweza! Alikuwa na ile picha ya kwanza, ya vitu kabla hajavigusa. Akaifungua kamera, akawa anatazama na kupanga, anatazama na kupanga: kopo hili kulia kwa lile, chupa nyuma ya birika, sufuria ukingoni. Alifunga nyuzi upya, fundo moja, mafundo mawili. Alipomaliza rafu ilifanana na picha kama pacha na pacha mwenziwe.

"Tayari, mama. Kila kitu ni kama ulivyokiacha."

Mama akanyoosha mkono kuchukua kopo la sukari. Mkono ukakamata hewa. Akajaribu chumvi, vidole vikagonga chupa, ikayumba, Fyuzi akaidaka. Siafu akatazama picha, akatazama rafu, asielewe. Kushoto sawa, kulia sawa, juu na chini sawa. Akapata jibu na likamuuma. Picha inajua kushoto na kulia. Ndani haijui. Kopo lililo ukingoni na kopo lililosukumwa hadi ukutani, kwenye picha ni kopo tu, na kwa mkono wa mama ni vitu viwili tofauti.

"Tokeni njiani," alisema mama, bila hasira. "Kaeni pale. Siafu, kalia mikono yako."

Na Siafu, ambaye maishani mwake hajawahi, alikaa kwenye kigoda akaweka mikono chini ya mapaja. Mama alishusha kila kitu, akakifuta, akakipandisha. Alipima kwa kiganja kutoka ukutani. Alinusa. Alitikisa kopo sikioni. Aliwasha mshumaa kwa kiberiti, akaifunga koki hadi mwisho, akaijaribu, akadondosha nta juu yake, akasubiri ikauke. Alikuwa haharakishi hata kidogo, na kwa Siafu ilikuwa adhabu. Mabega yalimcheza. Kopo moja lilikaa upande, uzi ukining'inia vibaya. Mwiko ulijitokeza nje ya rafu kama ulimi. Mara mbili alitaka kuinuka, na mara mbili Fyuzi alimkanyaga mguu.

Mama aliposhusha mkono wa mwisho, mwanga wa alasiri uligonga rafu, na Siafu akaona. Hakuna kilichonyooka. Lakini kila kitu kilikuwa kimeelekea kwa mtu mmoja, kimemkaribia mkono wake, kinamsubiri. Hata mtu asiyemjua mama angejua anafika wapi, amesimama wapi, mkono wake una urefu gani. Ehe, hapa kunapikwa.

"Mama, nipige moja? Sigusi."

"Ukigusa nakukata."

Alipiga moja tu, kutoka pale pale kwenye kigoda, mwiko ukiwa nje ya fremu nusu na sufuria imekatwa sikio. Kwa kanuni zake zote ilikuwa picha mbovu. Aliirudisha kamera begini na kulifunga.

Mama akachemsha chai. Fyuzi alisimama karibu, ngumi zimekunjwa, anafuata kila mwendo kama anayetazama waya ulio wazi. Mkono wa mama ulikwenda kwenye sukari ukaipata. Ulikwenda kwenye majani ukayapata. Alisikiliza maji yakianza kuimba, akazima, akagusa nta kwa kidole, kisha akainama na kufunga na mtungi pia. Akamimina, kidole kimekaa ndani ya ukingo wa kikombe, akasimama mara tu joto lilipomgusa.

Walikunywa wamesimama. Ilikuwa chai tamu, nzito, chai ya mama. Fyuzi alimaliza, akakiacha kikombe pembeni ya meza, kama alivyokiacha tangu utotoni.

"Umekiweka wapi hicho?" aliuliza mama.

"Hapa tu."

"Kwangu hakuna mahali panapoitwa hapa tu."

Fyuzi akakichukua. Akakiosha, akakifuta, akakirudisha rafuni, akapima kwa kiganja kutoka ukutani kama alivyoona. Kisha akatoka jikoni bila kumtazama mtu, akaingia chumbani, na wakasikia zipu ya begi.

Siafu alimshika mama mkono. Mama aliutoa, akaukunja pamoja na mwingine kifuani, akangoja. Kule chumbani droo ikavutwa, ikafungwa, ikavutwa tena. Fyuzi alikohoa.

"Mama!" aliita. "Haya magauni, yenye vifungo mbele yalikuwa yanakaa upande gani?"